Sahani ya Faluda na Haki ya Jirani

Mwezi huu tumeona tuwasimulie jambo lililotufika nyumbani kwetu. Ni jambo dogo kwa mwenye kulitazama kwa mbali, lakini limetufunza mengi ambayo katika vitabu tulikuwa tukiyapita mbio, kwa kudhani kuwa twayajua.

Sisi ni watu wa Mombasa, na jirani yetu wa ukuta kwa ukuta ni bibi mmoja wa Kihindi, mtu wa dini ya Kijaini. Tumekaa naye kwa wema miaka mingi. Watu wa dini hiyo hawali nyama, wala samaki, wala mayai; na walioshika sana hawali asali, wala vitunguu, wala viazi, wala chochote kinachong'olewa na mzizi wake, kwa kuchelea kuua vijidudu vilivyomo ardhini. Maziwa hunywa. Basi katika vyakula vyetu vyote vya Idi, kimoja tu ndicho tulichokuwa tukiweza kumpelekea kwa moyo mkunjufu, nacho ni faluda. Maana faluda ya nyumbani kwetu ni maziwa, sukari, iliki, na ile chaina grasi inayoigandisha. Na chaina grasi si kitu ila ni mwani wa baharini uliochemshwa, ukachujwa, ukakaushwa. Kila Idi sahani ilitoka kwetu ikenda kwake, na kila Diwali sahani ilirudi kwetu na vitamutamu vya maziwa na lozi.

Idi el-Fitri ya mwaka 1445, yaani Aprili 2024, mwenzetu wa nyumbani alikwenda dukani akaambiwa chaina grasi imekwisha. Muuza duka akampa pakiti ya unga uliotoka ng'ambo, akamwambia kuwa kazi yake ni ileile na bei yake ni nafuu. Mwenzetu akaigeuza pakiti, akaona muhuri wa halali, akaridhika, akalipa. Faluda ikapikwa usiku wa kuamkia Idi, ikalazwa ndani ya friji. Asubuhi, tuliporudi katika Sala, binti yetu akaichukua sahani ya jirani imefunikwa kitambaa safi, akaipeleka.

Sahani yetu sisi ilibaki mezani. Wageni wakaingia na kutoka, jua likapanda, na ilipokaribia adhuhuri tukaiona faluda inatoka maji pembeni, kisha ikalegea, kisha ikawa kama uji. Mwenzetu alistaajabu. Faluda ya mamake, na ya nyanyake kabla yake, ilikuwa ikikaa mezani kutwa katika joto hilihili la Mombasa wala isiyeyuke. Ndipo alipoitoa ile pakiti takani, akatupa tumsomee maandishi madogo yaliyo nyuma. Tukavaa miwani tukasoma. Yaliandikwa: gelatini ya ng'ombe.

Huenda katika wasomaji wetu wako wasiojua gelatini ni nini, kama ambavyo sisi wenyewe tulikuwa hatujui vyema. Ni kitu kinachotolewa katika ngozi na mifupa ya wanyama, na zaidi ni nguruwe na ng'ombe. Ngozi na mifupa huroweshwa katika tindikali au katika chokaa, kisha hupikwa kwa maji ya moto mpaka ule uzi unaoshikanisha mwili wa mnyama uyeyuke. Maji yale huchujwa, hukaushwa, na husagwa yakawa unga usio na rangi ya kutajika wala harufu ya nyama. Unga huo hugandisha chakula kikipoa, lakini huyeyuka kwa joto lisilofikia hata joto la mwili wa mtu, na ndiyo sababu hulainika ulimini. Chaina grasi si hivyo. Ikishaganda, haiyeyuki mpaka ifikie joto la kiasi cha digrii 85. Kwa hivyo joto la Mombasa ndilo lililotufichulia siri ambayo macho yetu hayakuiona dukani.

Sasa tazameni, wasomaji wetu, ni mtihani gani uliotufika. Muhuri ulioandikwa juu ya pakiti haukuwa wa uwongo. Kwetu sisi, gelatini ya ng'ombe aliyechinjwa kwa sharia ni halali, na hatukuwa na la kujilaumu kwa tulichokula wenyewe. Lakini ile sahani nyingine haikuwa yetu. Ilikuwa imekwenda kwa mtu ambaye tangu utoto wake hajapata kutia kinywani mwake kitu cha mnyama aliyeuawa. Na yeye aliila pasi na kuuliza, kwa sababu imetoka kwetu. Tuliuliza, "Je, ni halali?" Tukasahau kuuliza, "Je, ni halali kwa nani?"

Nyumbani pakawa na shauri. Mmoja wetu alisema tunyamaze. Alisema kuwa bibi yule ni mtu mzima, ameshakula, na kilichokwisha kuliwa hakirudi; kumwambia ni kumtia huzuni bure, na usilolijua ni kama usiku wa kiza. Wa pili alisema tungoje, Idi ijayo tumpelekee faluda ya chaina grasi, na mambo yatakwisha yenyewe. Maneno hayo, twakiri, yalitupendeza nafsi zetu, maana yalitupunguzia aibu. Ndipo binti yetu, ambaye ndiye aliyeibeba sahani, alipotuuliza: "Lau yeye angalitulisha sisi kitu cha nguruwe bila ya kujua, kisha akajua, mngependa anyamaze?"

Hatukuwa na jawabu. Tukakumbuka hadithi ambayo tumeisikia mara nyingi misikitini: Mtume (S.A.W.) alipita sokoni kwa muuza nafaka, akatia mkono wake ndani ya rundo, vidole vikakuta umajimaji uliofichika chini. Akamwuliza mwenye mali, naye akajitetea kwamba ni mvua iliyoinyeshea. Mtume akamwambia kwa nini hakuuweka ule ulowevu juu watu wakauona, kisha akatoa lile onyo kali juu ya mwenye kughushi. Mvua haikuwa kosa la yule mtu. Kosa lake lilikuwa ni kuifunika. Na sisi pia, kosa la dukani lilikuwa ni la kutojua; lakini tangu saa ile tuliposoma nyuma ya pakiti, kunyamaza kwetu kungekuwa ni kuufunika ulowevu.

Tukakumbuka na habari ya Sahaba Abdullahi bin Amri, ambaye nyumbani kwake alichinjwa mbuzi, naye akawa anauliza watu wake tena na tena kama wamekwisha kumpelekea jirani yao Myahudi sehemu yake. Kisha akataja jinsi Jibrili alivyokuwa akimwusia Mtume juu ya jirani hata Mtume akadhani kuwa atamfanya mrithi. Jirani aliyetajwa hapo hakuwa Mwislamu. Haki yake ni haki, wala haikushushwa na dini yake.

Basi alasiri ileile tukaenda, sisi na mwenzetu. Tulimkuta barazani pake. Mwenzetu akamwambia, "Mama, tumekuja kukuomba radhi. Ile faluda ya leo haikuwa ya chaina grasi. Tulitia kitu kilichotoka katika mifupa ya ng'ombe, nasi hatukukijua mpaka baada ya kukuletea."

Bibi yule alinyamaza kitambo. Aliitazama sahani yetu, ambayo alikuwa amekwisha kuiosha na kuiweka tayari kuturudishia. Kisha akasema, "Ahsante mwanangu kwa kuniambia. Kesho nitafunga siku moja, nimwombe Mungu anisamehe." Mwenzetu akalia. Sisi tukasema kuwa kosa ni letu, si lake. Akajibu kuwa mdomo ulikuwa ni wake, na kwamba kufunga hakumdhuru mtu. Akaongeza kwa kutabasamu kuwa sisi tumefunga mwezi mzima, naye hataishindwa siku moja.

Kisha akatusimulia jambo ambalo hatukulitazamia. Akasema, "Mwaijua ile karatasi ya fedha iliyo juu ya vitamu vyetu?" Tukasema twaijua, maana kila Diwali twaiona ikimeremeta juu ya vipande vya maziwa na lozi. Akasema kuwa watu wao waliila karne kwa karne, wakaipamba hata sanamu za mahekalu yao, kisha wengi wakaja kutambua kuwa fedha ile hufanywa nyembamba kwa kupondwa kwa nyundo ikiwa katikati ya vipande vya utumbo wa ng'ombe. Hakuna nyama ndani yake, lakini hakuna karatasi iliyotengenezwa hivyo ila imepita katika mwili wa mnyama. Kweli ilikuwa hivyo; hata mwaka 2016 serikali ya India ikatoa amri kuwa karatasi ya fedha ya kuliwa isitengenezwe kwa kitu chochote cha mnyama. "Sisi wenyewe tulijilisha," akasema, "ninyi nitawalaumuje?"

Tuliporudi nyumbani tulianza kutafuta na kusoma, na tuliyoyaona yalitufumbua macho. Vyakula vya dukani vya siku hizi vina mambo ndani yake ambayo jina la chakula haliyasemi. Peremende laini za watoto na vile vitamu vyeupe vinavyovutika, vingi vyao ni gelatini; kadhalika baadhi ya maziwa ya mtindi ya vikopo, na maganda ya vidonge vingi vya dawa. Rangi nyekundu iitwayo kwa namba E120 hutolewa katika kidudu kinachoishi juu ya mpungate, na nchi ya Peru ndiyo inayotoa kwa wingi kupita zote. Ule mng'ao wa baadhi ya peremende, wenye namba E904, ni gundi ya kidudu cha India na Thailand, ndiyo ileile iliyokuwa ikifanyiwa lakiri ya kupigia mihuri ya barua. Namba E471, iliyomo katika mikate na keki nyingi, ni mafuta yaliyotengenezwa ama kwa mimea ama kwa mnyama, na namba peke yake haikuambii ni lipi katika mawili hayo. Namba E920, inayolainisha kinyunga cha mkate, yaweza kutoka katika manyoya ya bata au nywele, na siku hizi hutengenezwa pia bila ya hivyo.

Na jibini ni mlango mwingine. Maziwa huganda yakawa jibini kwa dawa ambayo asili yake ni tumbo la nne la ndama anyonyaye, na katika vitabu vya fiqhi yaitwa infaha. Wanachuoni wamehitilafiana juu ya infaha ya mnyama asiyechinjwa kwa sharia: Imamu Abu Hanifa ameiona ni tohara, na wenzetu wa madhehebu ya Shafi ambayo ndiyo yetu watu wa pwani wameiona ni najisi. Tangu mwaka 1990, Marekani iliporuhusu dawa ya namna hiyo itengenezwe kwa vijidudu pasipo ndama, jibini nyingi za viwandani hazina tena haja ya tumbo la mnyama. Lakini ziko jibini mashuhuri, kama Parmigiano Reggiano ya Italia, ambazo kwa kanuni zao lazima zitengenezwe kwa dawa ya ndama. Basi mtu asiyekula nyama huenda akadhani kuwa jibini ni maziwa matupu, kumbe ndama yumo.

Msidhani kuwa mambo haya ni ya wanawake jikoni tu. Mwaka 1857 katika India ilienea habari miongoni mwa askari kuwa risasi mpya walizopewa na Waingereza, ambazo karatasi zake hufunguliwa kwa meno, zimepakwa mafuta ya ng'ombe na ya nguruwe. Mabaniani wakaona wameguswa dini yao kwa ng'ombe, na Waislamu wakaona wameguswa yao kwa nguruwe. Na habari hiyo ilikuwa ni moja katika sababu za maasi makubwa yaliyoanza Meerut tarehe 10 Mei mwaka ule. Na karibu na zama zetu, kampuni ya McDonald's huko Marekani ilitangaza mwaka 1990 kuwa itakaanga viazi vyake kwa mafuta ya mimea. Watu wasiokula nyama wakavila kwa amani. Mwaka 2001 wakaishitaki kampuni hiyo, maana ndani ya viazi vile mlikuwa na kikolezo kilichotokana na ng'ombe; na mwaka 2002 kampuni ikakubali kutoa dola milioni 10, zikagawiwa mashirika ya wasiokula nyama, ya Mabaniani na mengineyo. Watu wale hawakuugua kwa kula viazi. Walichodai ni imani yao iliyochezewa.

Hapa ni lazima tutoe tahadhari, ili tusije tukawatia wasomaji wetu katika wasiwasi, nao ni maradhi mabaya. Dini yetu ni nyepesi. Watu walimwendea Mtume (S.A.W.) wakasema kuwa waletewa nyama na watu waliosilimu karibuni, wala hawajui kama wameitaja jina la Mwenyezi Mungu, akawaamrisha wao walitaje, wale. Na katika Tabuk aliletewa jibini, akataka kisu, akataja jina la Mwenyezi Mungu, akaikata. Vilevile Sayyidna Umar, alipokuwa safarini na Amri bin Aas, Amri akamwuliza mwenye birika kama wanyama wakali hunywa humo, Umar alimwambia yule mwenye birika asiwape habari. Basi hatusemi kuwa kila mkate upekuliwe na kila mwenyeji aulizwe maswali kama mshitakiwa. Kilicho wazi kuwa ni haramu kiepukwe, kilicho wazi kuwa ni halali kiliwe, na katika yale yenye shaka, mwenye kujihadhari ameisalimisha dini yake.

Hata katika gelatini yenyewe wanachuoni wana maneno. Baraza la fiqhi la nchi za Kiislamu lililokutana Amman mwaka 1986 lilikata kuwa Mwislamu haijuzu kutumia katika chakula gelatini iliyotoka kwa nguruwe. Na kikao cha wanachuoni na matabibu kilichokutana Kuwait mwaka 1995 kikaona kuwa kitu kilicho najisi kikigeuka dhati yake kikawa kitu kingine, hukumu yake nayo hugeuka, na gelatini wakaitia humo. Madhehebu ya Shafi hayakuufungua mlango huo kwa upana. Humo hugeuka mvinyo uliojigeukia wenyewe ukawa siki, na ngozi iliyotiwa dawa isipokuwa ya mbwa na nguruwe, na machache mengine. Mwenye kutaka zaidi na awaulize masheikh wake.

Lakini lile tulilojifunza sisi linapita mipaka ya khitilafu hizo. Umar alikataa kupekua kwa ajili ya maji atakayoyanywa yeye. Upole huo Mwenyezi Mungu ameturuhusu katika nafsi zetu, naye ndiye atakayetuhesabu. Mtu anapokula mikononi mwetu, hatuna ruhusa ya kujipolea kwa niaba yake. Yeye ametuweka sisi badala ya macho yake. Chakula alichokipokea ni amana mara mbili: amana ya tumbo lake, na amana ya dini yake kama anavyoiamini yeye. Hatuulizwi kama twaiona dini yake ni ya kweli. Twaulizwa kama tulikuwa waaminifu kwake.

Na sisi Waislamu ndio tuliostahili kulijua jambo hili kuliko wote. Sisi ndio tunaouliza katika ndege, katika hospitali na katika karamu za wageni, "Chakula hiki kimepikwa kwa mafuta gani?" Twapenda atujibu kweli, wala asitucheke. Haifai tupokee uaminifu wa watu kwa mkono wa kulia, kisha tuwarudishie uzembe kwa mkono wa kushoto.

Basi wasomaji wetu, tukimpikia mgeni au jirani asiyekula nyama, tumwulize kwanza ni nini asichokula, maana nao hawako sawa: yuko alaye mayai na yuko asiyeyala, yuko alaye asali na yuko asiyeila. Tusome nyuma ya pakiti, si mbele yake tu. Muhuri wa halali wamtosha Mwislamu, lakini haumwambii Mjaini chochote. Kadhalika pakiti za India zina alama ya duara la kijani ndani ya mraba, yenye maana kuwa hamna nyama, samaki wala yai; lakini maziwa na asali huweza kuwamo, na alama hiyo haimhakikishii Mwislamu kuwa hamna ulevi. Kila alama hujibu swali la mwenyewe. Na pale tunapokosa kujua, tumpe tunda. Ndizi na embe hazina siri.

Tena tusisahau kuwa dawa ya mengi katika haya imo mlangoni petu. Wenzetu wa Unguja na Pemba, na wengi wao ni wanawake, walima mwani wa biashara tangu mwaka 1989. Na mwani huo ng'ambo hutolewa kitu cha kuzitisha maziwa na vyakula, chenye namba E407, kisicho na mnyama ndani yake. Mwenyezi Mungu ametuumbia baharini kinachogandisha, nasi twakifuata katika mifupa.

Idi iliyofuata, mwenzetu alianza kutafuta chaina grasi tangu kumi la mwanzo la Ramadhani. Aliipika, akaiacha sahani moja mezani kutwa ili ajue, nayo haikutoka hata tone la maji. Kisha akampelekea jirani yetu sahani yake, na kando ya sahani akaweka pakiti tupu ya chaina grasi. Bibi yule akacheka, akasema hakuwa na haja ya pakiti. Sahani alituletea jioni, imeoshwa, na ndani yake mna vitamu vya lozi visivyo na karatasi ya fedha.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe miongoni mwa wale ambao jirani zao wamesalimika na mikono yao na vyungu vyao, na atusamehe tuliyoyakosa kwa kutojua na tuliyoyakosa kwa kutojali. Amin.